Nani Analipa Bili ya Joto?

Uani, katikati ya nyumba za ghorofa upande wa kusini wa Stockholm, kuna mirija minene ya chuma iliyochomoza kutoka ardhini, mitatu pamoja, kila mmoja una kifuniko cha duara mithili ya mlango wa mashine ya kufulia. Mama anatoka na mifuko yake, mtoto kamshika koti. Mabaki ya chakula yanaingia mrija huu, taka za kuchomwa zinaingia ule, magazeti ule wa mwisho. Anafunga, anaondoka. Hakuna kinachosikika. Mifuko imekaa juu ya valvu chini ya ardhi ikingoja zamu. Zamu ikifika valvu inafunguka na hewa inaivuta kwa kasi ya takribani kilomita 70 kwa saa hadi kituo kilicho pembeni ya mtaa, ambako makontena yanasubiri. Lori la taka halina shughuli uani.

Mtaa huo ni Hammarby Sjöstad. Keti na watu wa mipango miji mzungumzie kugeuza ardhi ya viwanda kuwa makazi, na jina hilo litatajwa kabla chai haijapoa. Una fleti zaidi ya 11,000, zimejengwa palipokuwa na viwanda, bohari na gereji, na wakazi wake ni mchanganyiko wa wapangaji na wanaomiliki. Wageni wengi huenda kupiga picha ile mirija. Nitaizungumzia, kwa sababu bila mabomba hakuna mtaa. Ila fundo lenyewe, lile ambalo wenyeji wanahangaika nalo hadi leo, liko kwenye karatasi: nani mwenye fleti, nani mpangaji, na bili ya joto inaishia mezani kwa nani.

Mahali palipoitwa Utulivu

Ziwa la Hammarby linapakana na kisiwa cha Södermalm, yaani ni hatua chache tu kutoka katikati ya jiji. Karne ya 20 ilipoanza kushika kasi, kingo zake zilijaa viwanda na gati. Kiwanda cha balbu cha Luma bado kimesimama pale, kimekarabatiwa. Lakini sehemu kubwa haikuwa na majengo ya kujivunia. Kipande kimoja kiliitwa Lugnet, neno la Kiswidi lenye maana ya utulivu, na hapo palijaa mabanda ya mbao na bati: mafundi magari, wauza vyuma chakavu, karakana za kila aina. Mtu wa Kariobangi, Nairobi, angepaelewa mara moja. Ni jua kali, ingawa jua lenyewe la huko halina ukali wowote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilianza kupanga mtaa mpya hapo. Kisha Stockholm ikaomba kuandaa Olimpiki ya mwaka 2004, na eneo hili likatengwa kuwa kijiji cha wanamichezo. Ili kuwavutia waamuzi, mwaka 1996 jiji lilipitisha programu ya mazingira yenye kaulimbiu nyepesi kutamka: mtaa huu uwe bora mara mbili kuliko ujenzi mpya wa kawaida wa wakati ule. Septemba 1997 kamati ya Olimpiki ikaichagua Athens. Mashindano yakaenda zake, mpango ukabaki, na ile ahadi ya mara mbili ikabaki nao.

Mabanda ya Lugnet yalivunjwa. Katika simulizi za mitaa ya kijani ya namna hii nimezoea kumwona fundi akitokea kwenye aya ya pili na kutoweka kabla ya aya ya tatu, na hapa mambo ni yaleyale: mtaa mpya haukuwa na pahali pa kufungulia injini. Alichoacha nyuma, pamoja na walichoacha wenzake kabla yake, kilikuwa ardhini. Kwenye eneo lile la Lugnet jiji lilitoa takribani tani 130 za mafuta na grisi na tani 180 za metali nzito.

Sasa, udongo wa kiwanda hausafishwi kama sakafu, kwamba ukipigwa deki umetakata. Wataalamu huuliza maswali matatu: sumu iko wapi, inapita wapi, inamfikia nani. Ukikata mnyororo huo popote, hatari imekatika. Madini ya risasi yaliyolala mita nne chini ya zege hayana wa kumdhuru. Risasi ileile ikiwa kwenye vumbi la uwanja wa kuchezea inapanda vidoleni mwa mtoto na kuingia mdomoni. Petroli na dawa za kuondolea grisi kwenye vyuma zina tabia nyingine: zinageuka mvuke, zinapanda kupitia nyufa za sakafu na kukusanyika ndani ya chumba cha chini, mtu anavuta bila kujua. Kwa hiyo kila sumu na dawa yake. Ipo inayochimbwa na kusombwa. Upo udongo unaooshwa. Yapo mafuta yanayoachiwa bakteria wayale. Na ipo mizigo inayofunikwa palepale kwa udongo wa mfinyanzi au zege, na sakafu ya juu yake ikawekewa njia ya kupumua ili mvuke utoke nje.

Hapa ndipo ghorofa linapopata faida ambayo watu hawaifikirii. Jengo refu linahitaji msingi wa kwenda chini, na mjini mara nyingi maegesho ya magari huwekwa chini ya jengo. Shimo hilo lingechimbwa hata kama udongo ungekuwa safi, kwa hiyo sehemu ya gharama ya kuondoa udongo mbaya tayari imo kwenye bei ya jengo. Kisha ua wa juu hutandazwa udongo mpya juu ya paa la maegesho. Mtoto anachimba, anapanda ua, na mkono wake haufiki kwenye ardhi ya zamani. Nyumba za chini zenye bustani ya mchicha kila mlango zingedai usafi wa kila mita ya mraba, na bili ingegawanywa kwa kaya chache.

Mombasa tunajua kinachotokea mnyororo usipokatwa. Pale Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliishi ukuta kwa ukuta na makazi ya watu, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aliongoza mapambano hayo, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa zamani. Udongo haufungwi.

Nani alilipia usafi huko Stockholm? Kanuni ya sheria ni kwamba mchafuzi hulipa. Tatizo la kanuni hiyo ni kwamba mchafuzi huwa amefilisika, amekufa, au ni mafundi mia wenye mabanda mia. Jiji lenyewe lilikuwa mwenye sehemu kubwa ya ardhi, likasafisha, likapitisha barabara na mabomba, likapata na ruzuku za serikali kuu kwa ajili ya mambo ya mazingira, halafu likawapa viwanja makampuni mengi ya ujenzi, kipande kwa kipande. Huo ulikuwa uamuzi wa busara: mwenye ardhi ndiye mwenye sauti, na kwa kugawa vipande vidogo hakuna kampuni moja iliyoshika mtaa mzima mkononi. Lakini fedha iliyozikwa ardhini hutafuta pa kutokea, na njia yake ni bei ya fleti. Tutarudi hapo.

Joto la maji machafu

Msomaji wa Dar es Salaam au Lubumbashi huenda hajawahi kulipia joto. Huko kaskazini, Januari, kupasha nyumba ndiyo kazi kubwa ya nishati kuliko kupika, taa na televisheni. Sehemu kubwa ya Stockholm haina tanuri ndani ya nyumba. Joto linakuja kwa bomba la mtaa, kama maji ya bomba, ila maji haya ni ya moto, yanazunguka, na yanarudi kiwandani yakishapoa ili yapashwe tena.

Watu wa mipango miji waliochora Hammarby walifanya jambo moja ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko teknolojia zote zilizotumika: waliwakalisha meza moja watu wa maji, watu wa nishati na watu wa taka kabla ramani haijachorwa. Kwa kawaida hao watatu hukutana barabarani, kila mmoja akiwa na mtaro wake, wa pili akifukua alichofukia wa kwanza. Meza ile ilizaa mzunguko. Taka zinazoungua zinakwenda kwenye mtambo wa Högdalen na kurudi zikiwa umeme na joto. Majitaka yanakwenda Henriksdal, mtambo uliochongwa ndani ya mwamba, na tope lake linatoa bayogesi. Fleti zipatazo 1,000 za Hammarby ziliwekewa majiko ya gesi hiyo. Na maji yaliyokwisha kusafishwa bado yana uvuguvugu wa mabafu ya jiji zima. Badala ya kumwaga uvuguvugu huo baharini, mtambo wa Hammarbyverket, ulioanza kazi mwaka 1986, unaukamua kwa pampu kubwa za joto na kuupeleka majumbani. Yaani maji uliyoogea jana yanakupashia sebule leo. Maji yaliyonyang'anywa joto nayo hayapotei, yanatumika kupoza maofisi.

Tramu nayo iliwahi. Ilifika Sickla Udde mwaka 2002, wakati sehemu kubwa ya mtaa ilikuwa bado ni kreni za ujenzi na matope. Kuna pia kivuko cha kwenda Södermalm kisicholipiwa nauli. Mtu akihamia mahali penye usafiri siku ya kwanza, gari la pili halinunuliwi. Akihamia penye ahadi ya usafiri, ananunua, na akishanunua atalitumia. Hili halihitaji maelezo marefu kwa aliyewahi kukaa Kimara, Dar es Salaam, kabla ya mabasi ya mwendokasi.

Basi, yote yakaenda sawa? Hapana. Lengo la nishati lilikuwa kilowati-saa 60 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kwa anayenunua umeme wa tokeni, hizo ni uniti 60: chumba cha mita nne kwa tano kingekula uniti 1,200 kwa mwaka mzima, joto na vyote. Majengo yalipopimwa baada ya watu kuhamia, mengi yalipita uniti 100, na mengine yakakaribia mara mbili ya lengo. Kwenye maji, walilenga lita 100 kwa mtu kwa siku. Matumizi halisi yakatua karibu na 150, pungufu ya wastani wa jiji lakini mbali na lengo.

Sababu zilitafutwa, na hazikuwa za ajabu. Makampuni mengine yalikuwa yameshachora majengo yao kabla lengo halijasisitizwa. Lengo lenyewe lilikuwa lengo, halikuwa sharti lenye faini. Kisha kuna ziwa. Fleti inayotazama maji huuzwa kwa sababu ya dirisha, na dirisha likiwa kubwa bei inapanda, na kioo hata kiwe cha tabaka tatu hupitisha joto kuliko ukuta. Hakuna mnunuzi anayeingia fleti mpya akapiga ukuta ngumi kujua unene wake. Anakwenda dirishani.

Aina mbili za kukaa

Tufike kwenye karatasi. Uswidi fleti hukaliwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni hyresrätt, yaani upangaji: mkataba usio na mwisho, kodi inayojadiliwa kati ya wamiliki na chama cha wapangaji, na mwenye nyumba ambaye anaweza kuwa kampuni binafsi au kampuni ya manispaa. Ya pili ni bostadsrätt, ambayo nayo si umiliki kama tunavyouelewa. Hununui fleti, unanunua hisa katika chama kinachomiliki jengo zima, na hisa hiyo inakupa haki ya kuishi kwenye fleti fulani na kuiuza haki hiyo ukitaka. Kila mwezi unalipa ada ya chama, ambayo inalipa deni la jengo, joto, ukarabati na mfagiaji ngazi. Chama kina bodi, na bodi ni majirani: yule mwalimu wa ghorofa ya tatu, yule mstaafu wa chini.

Mpango wa Hammarby ulikuwa kuchanganya njia hizo mbili takribani nusu kwa nusu, jengo la wapangaji likipakana na jengo la chama, yote yakifuata mwongozo uleule wa usanifu. Ukipita mtaani huwezi kujua lipi ni lipi. Hilo si dogo. London, mwaka 2014, kulizuka maandamano kuhusu jengo ambalo wakazi wa sehemu ya gharama nafuu walikuwa na mlango wao wa nyuma, mbali na ukumbi wa marumaru wa wenzao. Watu wakauita mlango wa maskini. Stockholm haikuwa na mlango wa maskini. Maskini mwenyewe ndiye aliyekosekana.

Hapa ndipo mahali ambapo wengi hujikwaa: kuchanganya aina za umiliki na kuchanganya vipato ni mambo mawili. Sehemu nyingi duniani neno "mpangaji" likitajwa kwenye mradi wa namna hii, msikilizaji anasikia "mwenye kipato kidogo". Uswidi haina nyumba za umma zilizotengwa kwa ajili ya maskini. Kampuni za manispaa zinapangisha kwa yeyote. Anayetaka fleti ya kupanga Stockholm anajiandikisha kwenye foleni ya jiji, ambayo siku hizi ina watu zaidi ya 700,000, na kwenye mitaa inayopendwa anasubiri miaka kumi na zaidi. Foleni haiulizi mshahara. Lakini kodi inauliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya msukosuko wa mabenki, serikali ilifuta sehemu kubwa ya ruzuku za ujenzi wa nyumba, na tangu hapo kodi ya jengo jipya imebidi ibebe gharama halisi ya kulijenga. Rejea sasa ile fedha iliyozikwa kwenye udongo, ongeza mabomba, ongeza dirisha la ziwani, halafu piga hesabu ya kodi. Aliyesubiri miaka kumi na mbili akafika mbele ya foleni anaweza kukuta mshahara wake hautoshi.

Kwa hiyo Hammarby ilipata mchanganyiko wa mikataba, na ndani yake watu wa aina moja: wenye elimu, wenye kazi nzuri, wengi wenye watoto wadogo. Hata hao watoto hawakutarajiwa. Watu wa mipango miji walidhani fleti zitachukuliwa na watu wazima ambao watoto wao wameshahama nyumbani. Wakaja wazazi wa miaka thelathini na vigari vya watoto, na jiji likalazimika kutafuta shule na chekechea mbio mbio.

Tena mchanganyiko wenyewe haukufungwa kwa kufuli. Bomba likishazikwa limezikwa. Aina ya umiliki ni maandishi, na maandishi hubadilika siasa zikibadilika. Sheria inawaruhusu wapangaji wa jengo kuunda chama na kulinunua mwenye jengo akikubali kuuza, na baada ya uchaguzi wa 2006 jiji liliuza maelfu ya fleti za kampuni zake kwa njia hiyo, hasa kwenye maeneo ya kati na yanayopendwa. Aliyekuwa mpangaji asubuhi akawa mwenye hisa jioni, na akiiuza kesho, fleti ile haitarudi kwenye foleni.

Dirisha lililo wazi

Sasa unganisha joto na karatasi. Januari, nje nyuzi kumi chini ya sifuri, ndani nyuzi 23. Mpangaji anaona sebule imezidi joto. Afanye nini? Kwenye upangaji wa Kiswidi joto kwa kawaida limo ndani ya kodi. Akipunguza joto halipwi, akifungua dirisha hadaiwi. Anafungua dirisha. Bili inakwenda kwa mwenye jengo, ambaye angependa sana dirisha lifungwe lakini mkono wake haufiki.

Geuza mambo: mpangaji ndiye anayelipa joto, kama tunavyolipa umeme wetu wenyewe. Sasa mpangaji anafunga dirisha, lakini upepo unapita kwenye fremu iliyochakaa, na fremu ni ya mwenye nyumba, ambaye haoni sababu ya kutoa fedha ili mtu mwingine apunguziwe bili. Hapo kila mmoja ana akili timamu na jengo linaendelea kuvuja.

Kwenye chama cha bostadsrätt mambo yako katikati. Joto hulipwa na chama kwa jengo zima, kwa hiyo bado unaweza kufungua dirisha kwa gharama ya majirani. Lakini fremu ni ya chama, na ikibadilishwa, ada ya wote inashuka. Anayelipia ukarabati na anayefaidi ni watu walewale. Kasoro iko mwanzoni: jengo linajengwa na kampuni ambayo haitakaa humo hata msimu mmoja wa baridi. Kampuni inalipia unene wa ukuta. Chama kinarithi bili. Bodi inagundua baada ya miaka miwili, pale mwalimu wa ghorofa ya tatu anapokaa na karatasi za nishati za chama chake na cha jirani, akakuta jengo lao linakula mara mbili ya lile la pili ingawa yalijengwa mwaka mmoja.

Hilo lilitokea Hammarby kwa vyama vingi. Kuanzia miaka ya 2010 wakazi walianzisha juhudi iliyojulikana kama HS2020, mmoja wa viongozi wake akiwa Allan Larsson, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Uswidi na mkazi wa mtaa huo. Vyama vilianza kuonyeshana takwimu zao, kitu ambacho jiji lenyewe halikuwa limefanikiwa kukifanya kwa ukamilifu, na kujadiliana na wauzaji kwa pamoja: kurekebisha mitambo ya joto, kuvuna joto kutoka kwenye hewa inayotolewa nje, chaja za magari ya umeme. Hilo liliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Mpangaji wa jengo la jirani anaweza kuwa na shauku ileile, lakini anachoweza kufanya ni kuandika barua.

Uswidi ilitembeza wazo la Hammarby nje ya mipaka yake kwa jina la SymbioCity, na Kenya ilikuwa miongoni mwa waliolipokea, kupitia Baraza la Magavana. Mzunguko wa taka na maji unasafiri vizuri. Karatasi hazisafiri, kila nchi ina zake. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, Kenya ilipitisha yake mwaka 2020, na zote mbili zinataka wenye fleti wawe na chombo cha pamoja cha kusimamia jengo. Kwetu joto si hoja. Hoja ni lifti, pampu ya maji, jenereta na mlinzi wa getini. Mtu yeyote aliyekaa fleti Nairobi ameiona ile karatasi iliyobandikwa karibu na lifti, namba za nyumba upande huu na malimbikizo ya ada ya huduma upande ule, na anajua kwamba namba zinazodaiwa zaidi mara nyingi ni za wenye nyumba wasioishi humo. Mpangaji wao amelipa kodi yake yote. Lifti bado imesimama.

Kwenye suala la kufuli, Kenya imejaribu kitu ambacho Stockholm haikukifanya: Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamzuia aliyenunua nyumba hizo kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Ni kufuli kweli. Iwapo funguo zitakaa mikono salama, hilo linategemea Bodi.

Stockholm yenyewe ilipata nafasi ya pili. Kaskazini-mashariki mwa jiji, kwenye ardhi ya kiwanda cha zamani cha gesi na bandari, inajenga Norra Djurgårdsstaden, ambako wakazi wa kwanza walihamia mwaka 2012. Safari hii lengo la nishati, kilowati-saa 55 kwa mita ya mraba, liliandikwa ndani ya mkataba wa ardhi, na kampuni ya ujenzi inawajibika kuonyesha vipimo baada ya watu kuhamia. Kuna fleti za kupanga na kuna za vyama, zimechanganywa kama kawaida. Kiwango cha kodi hakimo kwenye mkataba.